Fundi bomba wa Preston na miwa ya Kilombero

Hapa kwetu mchezaji akimpiga beki chenga mbili mfululizo, jukwaa zima linasema: huyo fundi! Leo nataka kumwongelea jamaa aliyekuwa fundi kwa maana zote mbili. Tom Finney, winga wa Preston North End. Jumamosi anawazungusha mabeki, siku nyingine anatengeneza mabomba ya watu. Sitanii.

Nilimkumbuka nikiwa Ifakara kikazi. Mhariri alikuwa amenituma kuandika habari za miwa, na jioni nikawa sina pa kwenda zaidi ya kibanda umiza, kuangalia ligi ya Uingereza na vijana wa pale. Ubishi ukaanza, ule ule wa kila dirisha la usajili. Wachezaji wa siku hizi hawana mapenzi na timu, leo Simba kesho Yanga, wanafuata hela tu. Mzee mmoja akasema zamani watu walikuwa waaminifu. Hakuna aliyembishia.

Ukitaka mfano wa huo uaminifu wa zamani, Finney anatosha. Alizaliwa mwaka 1922 pale pale Preston, jirani na uwanja wa Deepdale. Baba yake hakutaka mchezo: kwanza ujifunze ufundi bomba, mpira baadaye. Halafu ikaja vita, akapelekwa Misri na Italia, kwa hiyo mechi yake ya kwanza ya ligi aliicheza Agosti 1946 akiwa na miaka 24. Akakaa klabu hiyo hiyo mpaka 1960. Mechi 433 za ligi, mabao 187. Timu ya taifa mechi 76, mabao 30. Mchezaji bora wa mwaka mara mbili, 1954 na 1957. Timu ilipokuwa daraja la pili, kati ya 1949 na 1951, alikuwa nayo huko huko chini.

Na makombe? Mwaka 1953 walilingana pointi na Arsenal, ubingwa ukaenda London kwa uwiano wa mabao. Mwaka 1954 wakafika fainali ya Kombe la FA, wakalala 3-2 kwa West Bromwich Albion. Ndiyo hivyo.

Mpaka hapo yule mzee ameshinda. Lakini subirini kidogo.

Mwaka 1952 Palermo ya Italia ilimtaka. Pauni 10,000 za kusaini, mshahara wa pauni 130 kwa mwezi, nyumba, gari. Uingereza wakati huo kulikuwa na kikomo cha mshahara, pauni 14 kwa wiki, uwe nyota uwe nani. Piga hesabu mwenyewe: 10,000 gawanya kwa 14 unapata wiki 714, karibu miaka 14. Yaani ile hela ya kusaini peke yake ilikaribia mshahara wa maisha yake yote ya mpira. Ofa ikafika kwa viongozi wa Preston. Wakakataa. Kwisha habari.

Kwa nini asiondoke mkataba ukiisha? Kwa sababu kule mkataba ukiisha, klabu ilibaki na usajili wako. Bila ruhusa yao huchezi ligi timu nyingine. Utaratibu huo ulikuja kutikiswa mahakamani mwaka 1963, katika kesi ya George Eastham dhidi ya Newcastle.

Hapo ndipo nikawakumbuka wakulima wa miwa niliokuwa nao mchana. Bonde la Kilombero, muwa ukishakatwa unaanza kupoteza sukari, lazima ufike kiwandani haraka, na mnunuzi mkubwa ni mmoja. Mkulima anaweza kumpelekea miwa miaka ishirini bila kukosa msimu. Je, huyo tumwite mwaminifu? Sijui nyie, mimi naona neno hilo linawafurahisha zaidi wanaonunua.

Sisemi Finney hakuipenda Preston. Aliipenda, tena sana. Alipostaafu na kuwa huru kwenda popote, alibaki mjini kwao, akawa rais wa klabu, akafa mwaka 2014 akiwa na miaka 91. (Kuna kituko kimoja: mwaka 1963, akiwa na miaka 41, aliichezea Distillery ya Ireland Kaskazini dhidi ya Benfica, Kombe la Ulaya, wakatoka 3-3. Mechi moja, hiyo siihesabu usaliti.) Ila mapenzi yake na kufuli la viongozi ni vitu viwili, na sisi mashabiki tunavichanganya ili tupate fimbo ya kuwachapia vijana wa leo.

Januari 1961 chama cha wachezaji, chini ya Jimmy Hill, kikatishia mgomo na kikomo cha mshahara kikaondolewa. Msimu huo huo Preston wakashuka daraja, na mpaka leo hawajarudi ligi ya juu. Finney alikuwa ameshatundika viatu, yuko kwenye mabomba yake.