Mashine ya Baba Mkwe

Leo naomba nikiri: mwaka jana nilikaribia kuuza injini ya boti ambayo si yangu.

Ni Yamaha ya zamani, HP 15, aliyoiacha baba mkwe. Marehemu alikuwa mvuvi wa Kunduchi. Mume wangu ni mhasibu, hata boti hana, basi baada ya msiba mashine ikahamia uani kwetu Tegeta. Akaifunga kwenye ubao, mguu wake ukazama ndani ya pipa la maji. Kila Jumamosi, wenzetu wakitoka mtoko, yeye anavuta kamba. Inawaka, inafuka moshi kama tanuri la mkaa, akiipunguza ingurume taratibu, inazima. Anachukua bisibisi, anageuza skrubu za kabureta, anavuta tena. Kanga zangu zote zikawa zinanuka petroli!

"Bado kidogo tu, mama watoto."

Hiyo "kidogo" iliendelea miezi minane, na ada ya shule inakaribia. Nikatafuta mnunuzi kimya kimya. Tukakubaliana aje Jumapili, siku ambayo mume wangu angekuwa kwenye kikao cha ukoo. Nilijiona nina akili kweli.

Jumamosi yake, mume wangu akaja na fundi mzee wa pwani, rafiki wa marehemu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe wangu. Hamjambo?"

Kabureta hakuigusa kwanza. Alifungua plagi zote mbili, akaziweka kiganjani. Nyeusi, zimelowa.

"Oili unaweka kiasi gani?"

"Nakadiria, baba. Halafu naongeza kidogo, isije ikaungua."

Mzee akacheka, akatuweka chini. Injini hii ni ya mipigo miwili. Haina oili inayokaa peke yake kama gari. Inalainishwa na oili iliyochanganywa kwenye petroli. Kwa hiyo kuna vipimo viwili, na wengi hawavitofautishi. Cha kwanza ni oili kwa petroli, unakipima mwenyewe kwenye dumu. Hii yetu ni moja kwa hamsini: petroli lita 10, oili mililita 200. Cha pili ni petroli kwa hewa, na hiyo ndiyo kazi ya kabureta. Oili ikipungua, pistoni inasagana na silinda mpaka inakwama. Ikizidi, plagi zinachafuka, na hapo ugeuze skrubu mpaka kesho, hupati kitu. Kumbe miezi yote tulikuwa tunatibu kabureta, ugonjwa uko kwenye dumu!

Akauliza kama kuna kitu cha kupimia. Nikaingia jikoni, nikatoka na chupa ya zamani ya maziwa ya mtoto, ile yenye mistari.

"Hiyo hiyo, mkwe."

Wakamwaga mafuta ya zamani kwenye dumu la taka, wakafungua kabureta. Chini yake kulikuwa na utando kama gundi, wa petroli iliyolala muda mrefu. Wakaosha, wakapuliza vitundu kwa upepo. Mzee alikataa waya. Waya unapanua tundu. Wakafunga plagi mpya. Mwisho ikaja skrubu ya mchanganyiko: ifunge taratibu kwa ncha za vidole mpaka igote, usilazimishe, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Washa, acha ipate joto, halafu geuza kidogo kidogo huku unasikiliza, mpaka mlio ukae sawa.

Hiyo kazi ya mwisho akamwachia mume wangu.

Ikatulia. Moshi mwembamba, mlio mmoja, haizimi. Mume wangu alisimama ameweka mkono juu ya kifuniko, machozi yanamtoka.

"Hivi ndivyo nilivyokuwa naisikia alfajiri," akasema, "mzee akirudi."

Tangu tuzike, sikuwahi kumsikia akimtaja baba yake. Mimi nilidhani ni ubishi wa mwanaume na chuma.

Simu yangu ikatetemeka. Mnunuzi! Nikaizima. Usiku nikamwambia mume wangu ukweli wote. Hakufoka, ila hakunisemesha hadi Jumatatu, na sikumlaumu.

Ada tulilipa kwa awamu. Mashine sasa iko kwenye boti ya yule mzee, mapato tunagawana. Wiki ya kwanza alituonyesha plagi: zimekuwa na rangi ya kahawia, dalili kwamba inachoma vizuri. Chupa ya mtoto iko kwenye boksi lake la spana, haitarudi jikoni tena.

Na wewe, kama mwenzako ana kitu kinachommalizia Jumamosi zako, kabla hujamtafutia mnunuzi, kaa naye uani hata nusu saa. Muulize anasikiliza nini.