Mbwa wa Mgeni, Kesi ya Mwenyeji

Baba yangu mdogo anaishi Amani, juu kwenye milima ya Usambara Mashariki, na hafugi mbwa. Hawapendi hata kwa mbali. Lakini shemeji yake alipopanda kutoka Korogwe na mbwa wawili wa kufukuzia nguruwe shambani, na mmoja wao akamng'ata mtoto wa jirani kwenye shavu la mguu, aliyeitwa kwa mwenyekiti wa kitongoji ni baba mdogo. Shemeji naye aliitwa, ila baadaye, tena aliulizwa maswali machache tu.

Jambo hilo lilinirudia kichwani kiangazi kilichopita hapa Minnesota, ninakoishi. Mtanzania mwenzetu wa Brooklyn Park alialika watu kwa nyama choma nyuma ya nyumba yake. Mgeni mmoja akaja na mbwa wake, na kabla kuku hawajaiva mbwa akamrukia mtoto wa mgeni mwingine, akamjeruhi mkono. Wote waliohusika walikulia kwetu. Wote wanajua desturi inasemaje. Hata hivyo shauri lilikwenda njia nyingine kabisa, kwa sababu huku kuna karatasi.

Sheria ya Minnesota, kifungu cha 347.22, haina maneno mengi. Mbwa akimshambulia mtu ambaye hakumchokoza, aliyetulia mahali anaporuhusiwa kuwapo, mwenye mbwa analipa hasara yote. Haulizwi kama mbwa alishawahi kung'ata. Halafu kifungu kina mkia: anayehesabiwa mwenye mbwa ni pamoja na yeyote anayempa mbwa hifadhi au kumtunza, ingawa mwenyewe halisi ndiye wa kwanza kubeba mzigo.

Mkia huo ndio unaomkosesha mwenyeji usingizi. Je, kumkaribisha mtu na mbwa wake Jumamosi moja ni kumpa mbwa hifadhi? Kwa kawaida sivyo. Mbwa aliyekuja na bwana wake, akashinda saa chache chini ya macho ya bwana wake, hajawa wa mwenye uwanja. Lakini mgeni akisafiri na kukuachia mbwa wiki mbili, ukawa unamlisha na analala kwako, basi umeingia. Ndiyo maana fomu iliyotoka kampuni ya bima ya nyumba ilitaka kujua mbwa alifika saa ngapi, nani alimpa chakula, alikuwa amefungwa au la, na kama mwenye nyumba alijua kabla ya siku ile kuwa mbwa huyo hurukia watu. Niliisoma fomu hiyo mezani kwa huyo ndugu. Hali ya mtoto iliulizwa ukurasa wa tatu.

Sishangai sana. Mwaka 2023 pekee, kampuni za bima za Marekani zililipa zaidi ya dola bilioni 1 kwa madai ya mbwa, na wastani wa dai moja ulizidi dola 58,000. Kwa fedha za namna hiyo hata mimi ningeuliza saa. Huko California, katika kesi ya Uccello dhidi ya Laudenslayer ya mwaka 1975, mahakama ya rufaa ilikwenda mbali zaidi ya mwenyeji wa siku moja ikamfikia mwenye nyumba aliyepangisha: akijua kwa hakika kuwa mbwa wa mpangaji ni hatari, na ana uwezo wa kuamuru aondolewe, hawezi kukaa kimya kisha akasema nyumba ni yangu lakini mbwa si wangu. Mtu aliyefika juzi kutoka nyumbani anashangaa kukuta mkataba wa kupanga umetaja pit bull kwa jina. Sababu ni kesi kama hizo.

Sasa twende kwetu. Wengi wanadhani Tanzania hakuna sheria ya jambo hili, kuna wazee tu. Ipo, tena ya zamani kuliko wazee wenyewe. Mahakama zetu zilirithi sheria ya kawaida ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na kwa kanuni ya zama zile, anayedai fidia kwa sababu tu mbwa ni wa fulani lazima aonyeshe kuwa mwenye mbwa alijua mnyama wake ni mkali. Waingereza wenyewe waliipanga upya kanuni hiyo kwa sheria ya wanyama ya mwaka 1971. Mdai anaweza pia kupitia njia ya uzembe, kwamba mwenye mbwa hakuchukua tahadhari ambayo mtu mwenye busara angeichukua. Na upande wa jinai, kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu kinamgusa mtu ambaye kwa uzembe haweki tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama aliye mikononi mwake.

Na mwenyeji? Hapa ndipo nilipofurahi, kwa sababu katika sheria hiyo ya kale kuna kesi ya M'Kone dhidi ya Wood ya mwaka 1831. Jaji aliona kuwa si lazima mbwa awe mali yako. Ukimhifadhi kwenye eneo lako, au ukamwachia afike na kukaa hapo, yatosha kuhesabiwa kuwa unamfuga. Kwa hiyo jaji wa London na mwenyekiti wa kitongoji cha Amani wangekaa kwenye benchi moja wakaelewana nusu ya safari.

Nusu nyingine ni ya kwetu. Jirani, baba wa mtoto, hakumwuliza baba mdogo kama alijua tabia ya mbwa. Alisalimia, akaamkia waliomzidi umri, akakaa, akasema: "Mimi huyo wa Korogwe simjui. Mimi najua mbwa katoka kwako." Baba mdogo hakubishana. Nami, niliyekuwa nyumbani kwa likizo, nilitaka kubisha kwa niaba yake. Mama alinikanyaga mguu.

Iliyofuata ni hesabu ya nauli. Amani kuna historia ndefu ya sayansi. Wajerumani walianzisha pale taasisi ya utafiti wa kilimo na mimea mwaka 1902, na baadaye watafiti wa malaria wakakaa miongo. Lakini siku ile sindano ya kichaa cha mbwa haikuwapo mlimani. Ilibidi kushuka Muheza, zaidi ya kilomita 30 za kona, tope na mawe, mtoto kapakatwa kwenye bodaboda. Sindano ya kwanza siku ileile, kisha kurudi siku ya tatu, kisha ya saba. Kila safari ni nauli ya watu wawili, chakula cha mjini, na siku ya kazi iliyopotea kwa mama aliyekuwa kibarua kwenye chai. Baba mdogo aliuza iliki aliyokuwa akiisubirishia bei. Fedha ilitoka jioni ileile. Ya Brooklyn Park ilichukua miezi, na mtoto alitibiwa kwa bima ya wazazi wake wakati kampuni mbili zikiandikiana barua.

Kabla ya hayo yote, kule Amani, bibi alishafanya la maana kuliko wote. Alimshika mtoto chini ya bomba, akausugua mguu kwa sabuni na maji mengi, bila kujali kilio, kwa muda mrefu. Wataalamu wanasema dakika 15. Watu wa pwani tunajua kuosha kilichoguswa na mate ya mbwa, mara saba na moja kwa udongo, ila udongo huo ubaki kwenye vyombo. Kwenye jeraha ni sabuni na maji.

Likabaki suala la mbwa. Shemeji alitaka kuondoka alfajiri na basi, yeye na mbwa wake, kwa aibu zaidi kuliko ujanja. Afisa mifugo akakataa: mbwa aliyeng'ata akiwa mzima huangaliwa siku 10, akiugua au kufa ndani ya siku hizo ijulikane mapema. Akafungwa kwenye mti wa mdalasini nyuma ya jiko. Shemeji akaenda zake na yule mwingine, na baba mdogo, Mwislamu safi asiyetaka hata kivuli cha mbwa kimpitie, akawa anamsukumia sufuria kuukuu la ugali na vichwa vya dagaa kwa fimbo ndefu, asubuhi na jioni, akinuna. Siku 10 zikaisha mbwa mzima, na mtoto akaambiwa sindano zilizobaki si lazima.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini desturi inamkamata mwenyeji. Mbwa wa mgeni ni mbaya kuliko mbwa wa jirani kwa sababu moja tu: anaondoka. Minnesota akiondoka haidhuru sana. Mmiliki ana anwani, gari lina namba, na katika jiji kama Minneapolis mbwa anatakiwa kuwa na leseni na chanjo ya kichaa. Mbwa aliyeng'ata naye hutengwa siku 10, na wapo wa kuhakikisha. Tena kichaa kinachoenezwa na mbwa kwa mbwa kilitangazwa kuwa kimekwisha Marekani mwaka 2007; kilichobaki ni cha popo na wanyama wa porini. Kwetu mbwa hana karatasi. Akishavuka mto Sigi kushuka bondeni, huna wa kumwuliza alichanjwa lini wala kama bado anakula. Aliyebaki ni mwenye mji alimofikia. Kwa hiyo wazee hawamwadhibu mwenyeji. Wanashika kitu pekee ambacho hakitapanda basi la alfajiri.

Na si jambo dogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu kama 1,500 kwa mwaka Tanzania, na dalili zikishaanza hakuna dawa ya kutegemea. Ng'ambo ya maji kutoka Tanga, Pemba, wamepata somo la mgeni kwa kipimo cha kisiwa kizima. Watafiti walifuatilia virusi vya kichaa huko kuanzia 2010 hadi 2020, mbwa kwa mbwa, wakisoma hata vinasaba vya virusi. Koo tano zilizokuwa zikizunguka kisiwani zilikuwa zimekwisha kufikia Mei 2014, kazi ya kuchanja mbwa kila mwaka. Kisha chanjo ikalegea. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa ukaingizwa tena, mara mbili, kutoka nje ya kisiwa, ukawaka upya. Uliondoka Oktoba 2018, baada ya mbwa wa kisiwa kizima kuchanjwa tena. Mgeni hakuleta ubaya peke yake. Aliwakuta wenyeji wameacha mlango.

Desturi yetu ina kovu, nami sitalifunika. Inamkamata mwenyeji bila kupima uzito wa mfuko wake. Shemeji alituma fedha kwa simu miezi iliyofuata, kidogo kidogo, na mwisho akanyamaza. Baba mdogo hawezi kumdai, ni shemeji. Na mgeni akiwa mkubwa, bosi wa mjini aliyepanda na mbwa wa Kijerumani nyuma ya pikapu kupumzika mlimani, nani atamwambia mbwa habanduki siku 10? Mlinzi wa nyumba aliyofikia ndiye atakayelipa, kwa maneno au kwa kazi yake. Hapo ndipo ningependa kifungu cha 233 kitoke kabatini.

Na desturi ya huku ina lake. Mwenyeji wa Brooklyn Park alitaka usiku uleule aende kwa wazazi wa mtoto, aseme pole, aombe radhi. Wakala wa bima akamwonya asikiri chochote wala kuandika ujumbe wa samahani, kwani unaweza kugeuka ushahidi. Akakaa siku mbili hali wala halali. Siku ya tatu mkewe alipika pilau, wakaenda, wakakaa saa nzima wakizungumza habari za baridi na shule, bila kutaja neno mbwa. Baba wa mtoto alielewa. Wakili wake pia angeelewa, lakini hakuwapo.

Tangu hapo tangazo la nyama choma kwenye kundi letu la WhatsApp lina mstari mpya chini ya anwani: mbwa wabaki nyumbani. Mmoja akajibu kwamba mbwa wake ni mtu wa familia, hivyo naye haji. Mwingine akauliza kama mbwa mwenye cheti cha chanjo na bima yake mwenyewe anaruhusiwa. Mama mmoja wa Lushoto akaandika kwamba aje tu, ila amletee mwenyeji fedha ya nauli mkononi kabla ya kuingia getini, na mabishano yakaendelea mpaka saa sita za usiku.