Kichupa Gizani
Bila shaka, msomaji, waijua naftalini, ile dawa ya nondo iwekwayo sandukuni. Mimi nilipewa naftalini iliyopachikwa atomu ya bromini, nikaiyeyusha katika spiriti, nikaimulika gizani kwa miali ya urujuanimno. Sikuona la ajabu. Nusura niimwage, mwenzangu akanishika mkono, akakitumbukiza kichupa katika nitrojeni kiowevu, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mara kikang'aa kijani! Bromini, kwa uzito wake, huisukuma molekuli katika hali ya msisimko ikawiayo. Penye joto, migongano na oksijeni huinyang'anya nguvu kabla haijawa mwanga. Katika baridi ile hali hiyo hudumu kama sehemu ya 50 ya sekunde. Ni kitambo kidogo, naam, lakini chatosha. Tulipokitoa kichupa, spiriti ikalegea, na kijani kikafifia tukikitazama.