Meno Kwanza, Mionzi Baadaye

Tulipanda treni ya umeme Dodoma alfajiri, Mjomba akiwa amezungushia shuka shingoni kuficha mshono. Alikuwa amekatwa sehemu ya ulimi pamoja na tezi za shingo. Majibu ya maabara yalionyesha saratani imeshafika kwenye tezi, ndiyo maana akaandikiwa mionzi, ianze ndani ya wiki sita tangu upasuaji. Ugoro alishaacha, ila kuusema vibaya hataki.

Taasisi ya Saratani Ocean Road iko pale ufukweni Dar es Salaam, kwenye hospitali ambayo Wajerumani waliifungua mwaka 1897. Mjomba alibeba kimkoba tu, akijua mashine inaanza siku hiyohiyo. Thubutu! Daktari alimkagua kinywa, akaagiza meno mabovu yang'olewe kwanza, mapengo yapone. Taya likishapigwa mionzi haliponi vizuri. Jino likija kung'olewa baadaye, mfupa unaweza kufa. Jambo hili mgonjwa angeambiwa mapema, maana hizo wiki sita hazimsubiri mtu.

Maneno yake yalikuwa bado hayaeleweki, kwa hiyo Mjomba akaandika daftarini: “Ulimi wamechukua, sasa na meno?” Daktari akacheka, naye akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Kilichomtisha hasa ni kinyago. Bamba la plastiki lenye vitundu lilitumbukizwa kwenye maji ya moto likalegea kama donge la chapati, likavutwa juu ya uso wake na kubanwa mezani. Baada ya dakika chache likakauka na sura yake: pua, kidevu, mpaka uvimbe wa mshono. Litamshika asitikisike, mionzi ipige palipokusudiwa na kuukwepa uti wa mgongo. Alipoinuka, paji la uso lilikuwa na alama za vitundu.

Alipangiwa mara 30, Jumatatu hadi Ijumaa. Siku ya kwanza alitoka ndani Shangazi hajamaliza hata salamu kwenye simu.

“Vipi?”

“Hamna kitu. Hata joto,” akaandika.

Muuguzi akatuonya: kuanzia wiki ya pili au ya tatu kinywa kitachubuka, mate yatakauka, ladha itapotea, hata uji utauma. Asukutue kwa maji ya chumvi, na ugoro marufuku.

Mjomba akaitikia kwa kichwa, akadai tena kalamu. Safari hii alitaka kujua samaki wa nazi wanauzwa wapi karibu, awawahi.