Probox ya Mwaka 2007 Yavuka Tunduma

Meli ya magari ni ghala refu la chuma lisilo na madirisha. Ikishafungwa kamba gatini inateremsha daraja pana, na magari yanatoka tumboni mwake yakiendeshwa moja moja, mchana na usiku, na vijana wanaorudi mbio kuchukua jingine. Aprili 2022 meli ya Meridian Ace iliingia bandari ya Dar es Salaam ikiwa na magari 4,041 kutoka Japani. Sehemu kubwa ya shehena ile haikuwa ya Watanzania. Ilikuwa inapita tu, kwenda kwa majirani wasio na bahari, Zambia wakiwa miongoni mwao.

Probox ya mjomba ilikuja baadaye, na meli nyingine. Mjomba anaishi Mpika, mkoa wa Muchinga, kaskazini mwa Zambia. Alikwenda kule akiwa kijana, akaajiriwa kwenye karakana ya TAZARA, ile reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Akaoa huko, akazeeka huko, na kwa zaidi ya miaka 30 kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga injini za treni. Alipostaafu alitaka gari la kupeleka mahindi kinuni na kumfikisha mkewe kliniki, lisilomtafuna pensheni. Akachagua Toyota Probox ya mwaka 2007.

Hakuichagua kwa sura. Injini yake, ile inayojulikana kwa mafundi kama 1NZ, ina cc 1,496 na inatumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, kwa hiyo hakuna siku ya kuhesabu kilomita na kuogopa mkanda kukatika. Vipuri vyake vinapatikana hata kwenye miji midogo. "Mpwa," aliniambia kwenye simu, "mimi nanunua injini. Hilo bati la juu ni la kufunikia mvua."

Kwa nini Mjapani auze gari linalowaka vizuri? Kule gari binafsi jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo, shaken, si wa bei ndogo. Gari la petroli likipita miaka 13 kodi yake ya mwaka inapanda. Mwenye gari anapiga hesabu, anaona nafuu kulipeleka mnadani, na mnadani wanunuzi wa Afrika wanangoja.

Baada ya hapo umri wa gari unasomwa kwa namna nyingine kila unapofika mpaka. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Afrika Kusini haipokei mitumba ya magari kwa matumizi ya wananchi wa kawaida. Tanzania hailikatai gari kuukuu ila inalitoza: juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, saluni iliyozidi miaka 10 inabeba ushuru wa bidhaa wa uchakavu. Zambia wana utaratibu wao: gari lililotumika linalipiwa kiasi maalumu kufuatana na aina ya bodi, ukubwa wa injini na umri, na yote yaliyopita miaka 5 yamewekwa kundi moja. Gari lile lile ni haramu Mombasa, ni ghali Dar es Salaam, na Nakonde, mpakani mwa Zambia, ni la kawaida kabisa.

Nilikutana na mjomba kwenye yadi ya magari karibu na bandari. Alikuwa amefika kwa basi, na wakala wa forodha alikwishamaliza makaratasi: hati ya meli, cheti cha kuuzwa nje kutoka Japani, cheti cha ukaguzi, ankara, na dhamana inayowekwa ili gari la kupita lisije likabaki Tanzania bila kulipiwa kodi. Mbele na nyuma lilikuwa na kibao cha IT, alama ya gari linalopita nchini. Mjomba alimpa wakala mkono, kisha akavua koti.

Alianza na mlango wa dereva. Ubavuni mwake, mahali ambapo mnunuzi wa kawaida haangalii, palibandikwa kikaratasi cha gereji ya Japani chenye tarehe na kilomita za kumwaga oili. Maandishi hakuyajua, tarakimu alizijua. Mwaka wa 4 wa Reiwa, yaani 2022, kilomita 112,000 na ushei. Mita kwenye dashibodi ilisoma 118,000. "Hawajairudisha nyuma," akasema, akaenda kwenye matairi.

Hapo alikaa sana. Alichuchumaa, akafuta vumbi kwa kidole gumba, akatafuta namba nne zilizogongwa ubavuni mwa mpira. Mbili za kwanza ni wiki ya kutengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka. Matairi ya mbele yaliandikwa 1219: wiki ya 12, 2019. Ya nyuma yaliandikwa 3810. Yalikuwa na meno marefu, meusi, ya kumpendeza mtu, lakini mpira wake ulitoka kiwandani mwaka 2010, na alipoukunja kwa kucha nyufa nyembamba zilifunguka. Mpira hukauka hata gari likiwa limeegeshwa. Wakala akasema yatafika tu. Mjomba akaenda Gerezani na kurudi na matairi mawili mapya kwenye bajaji.

Dereva wa IT alikuwa kijana mwembamba, mpole, mwenye begi dogo la mgongoni. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umewahi kushika Probox?"

"Nyingi tu, mzee."

"Hii imekaa baharini zaidi ya mwezi. Mpaka Chalinze usipite themanini. Pale nitafungua boneti niangalie maji."

Kijana akawasha. Sauti ya kike ikatoka ndani ya dashibodi, ikasema kwa Kijapani kwamba kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Ingesema hivyo kila gari likiwashwa, mpaka fundi aje akate waya wake. Redio nayo ni ya masafa ya Japani, inaishia 90, kwa hiyo stesheni nyingi za nyumbani haizipati.

Gari la IT haliruhusiwi kubeba abiria, kwa hiyo mjomba alipanda kwangu na tukafuata nyuma. Sidhani kama ningepata mahali bora pa kulisoma gari. Mjomba alikaa mbele ameinama, macho kwenye ekzosi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, alinieleza. Mweusi ni petroli nyingi. Mweupe usiokoma ni maji yanayoingia pasipo pake. Kibaha, Mlandizi, Vigwaza: hakuona moshi wowote.

Chalinze mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisimama mbele ya Probox akainua mkono. Kijana alipunguza mwendo, akatutazama kwenye kioo, kisha akampungia na kupita. Baadaye, boneti ikiwa wazi na mjomba akichungulia rejeta, alinieleza mahesabu yake bila kuficha. Analipwa kwa safari. Nauli ya basi ya kurudi Dar es Salaam inatoka humo humo, na chakula, na kitanda kama atalala. Akiwahi kurudi anapata gari jingine. Abiria watatu wa kuibia wanaweza kumlipia basi na kubaki na chenji ya nyumbani. Ndiyo maana madereva wa IT wanakimbia, na ndiyo maana polisi wanawasimamisha kila mara. Wanaendesha gari wasilolijua, ambalo halijaguswa na fundi tangu literemke melini, kwa malipo yanayowalazimisha wasilale. Tunawalaumu vijana hawa kwa haraka zao. Mimi naona lawama iende kwanza kwa sisi tunaopanga bei ya safari.

Barabara yenyewe haina huruma kwa mwenye haraka. Kila kijiji kina kibao cha 50, na baada ya kibao kuna askari mwenye tochi kivulini. Kosa moja ni shilingi 30,000. Mikumi lami inakata hifadhi kwa kilomita 50 hivi, swala wanavuka wanapotaka, na kuna siku tembo. Ruaha Mbuyuni tukapita katikati ya vitunguu vilivyopangwa kwenye nyavu nyekundu pande zote mbili. Kisha Kitonga.

Mlima ule ndio ulikuwa mtihani aliousubiri mjomba. Malori yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, mengine yamezimika kwenye kona, na gari dogo halina budi kufuata polepole kwa gia ndogo, joto likipanda. Kama gasketi ya silinda hedi ina ugonjwa, hapa ndipo inasema. Kona baada ya kona mjomba hakutamka neno. Tulipofika juu kijana akaegesha, mjomba akashuka, akagusa boneti kwa kiganja, akasikiliza feni ikiingia na kuzimika, ikiingia na kuzimika. Akacheka kwa sauti, akamkumbatia yule kijana.

Tulilala Makambako, kwenye baridi inayouma masikio. Kijana alitaka kuendelea usiku. Mjomba alimlipia chumba na ugali, na wala hapakuwa na mabishano.

Asubuhi, tukishapita Chimala na kabla ya Uyole, tulikuta Vitz ya bluu imelala mtaroni, ubavu wake umekunjwa ndani. Kibao cha IT kilikuwa kimebaki nyuma, na tairi moja la nyuma limechanika lote, vipande vyake vimetawanyika barabarani mita nyingi kabla ya gari. Watu wa pale walisema dereva kapelekwa hospitali. Kijana wetu alishuka, akazunguka lile gari mara moja, akarudi akiwa kimya. Lile tairi lilikuwa la zamani? Nilitaka kwenda kusoma namba zake, lakini polisi walikuwa wakipima na hatukuruhusiwa kusogea.

Mwaka 2020 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti ya magari yaliyotumika: milioni 14 yaliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, na Afrika ndiyo iliyopokea mengi kuliko bara jingine. Mengi ya yale yaliyopitia bandari za Uholanzi hayakuwa hata na cheti halali cha kufaa kutembea barabarani. Nchi zetu zimejibu kwa kuweka umri, na nakubali kwamba umri ni rahisi kuuangalia: uko kwenye karatasi, haubishaniwi. Lakini gari la miaka 6 lililozamishwa na mafuriko linapita Mombasa, na gari la miaka 18 lililomwagwa oili kwa tarehe linakataliwa Malaba, mpakani mwa Uganda. Breki, mpira na moshi ndivyo vinavyotuua, na hivyo vinapimika. Kituo chenye mashine ya kupima breki na moshi kingetufaa mpakani kuliko jedwali la miaka, na ningefurahi kodi ya uchakavu iende kukijenga.

Kuanzia Mpemba malori yalikuwa yamesimama mstari mmoja mrefu kuelekea Tunduma, madereva wakipika chai chini ya matela. Yanayotoka upande wa pili hubeba shaba ya Zambia na Kongo, mabamba mazito yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, machache tu kwenye tela kubwa kwa sababu ya uzito. Magari madogo yanapita pembeni. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa 2019, na anayeingia Zambia anasimama upande wa Nakonde tu, ambako maofisa wa nchi zote mbili wako chini ya paa moja. Ofisa wa Tanzania alithibitisha kwamba gari limetoka, ili wakala aachiwe dhamana yake. Kazi ya kijana ikaishia hapo. Mjomba alimwongezea nauli ya basi mkononi. "Asante, baba," akasema, na akaondoka na begi lake kutafuta basi la Dar es Salaam.

Mjomba alirudisha saa yake nyuma kwa saa moja, maana Zambia iko nyuma yetu, akajiunga na foleni. Dirisha kwa dirisha aliulizwa mwaka wa gari, ukubwa wa injini, namba ya chesesi. Akalipa ushuru kwa kwacha, na tozo ya hewa chafu, na tozo ya gari lililozidi miaka 5. Akapitia kwa polisi wa Interpol kuhakikisha gari si la wizi, akachukua bima. Foleni ilikuwa ya Kiswahili, Kinamwanga na Kibemba vimechanganyika, na wenyeji walimwita "bashikulu" na kumpisha mbele. Kwenye madirisha yote yale hakuna aliyeinama kuangalia matairi.

Alivuka jioni, akalala Isoka, na kesho yake mchana akafika Mpika. Wiki iliyofuata alinipigia simu kutoka kwenye ukaguzi wa kusajili gari. Mkaguzi alikuwa ameingia shimoni na tochi, ameligonga gari kote, akatoka na kosa moja: buti ya ekseli ya kushoto imepasuka na grisi inavuja. Mjomba alishaiona Makambako. Alikuwa ameshaagiza nyingine Kasama, na alinipigia kuniuliza bei yake Kariakoo ni shilingi ngapi, ili ajue kama huyu wa Kasama anamwonea.