Kabla ya Kuzima na Kuwasha

Nilianza kutunza seva katika ukanda wa dhahabu wakati Geita ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012, nilikuwa nimeshaizoea barabara ya vumbi inayotoka Kahama, ikapita Kakola na kuelekea Geita. Watu wakisikia neno mgodi hufikiria malori na baruti. Mimi migodi nimeijua kupitia vyumba vidogo vyenye kiyoyozi, mahali ambapo uzito wa mbale, mishahara ya vibarua na dawa za wagonjwa hupita kama namba kwenye mashine zinazotumia Linux. Mashine hizo zikisimama, kuna mtu anayerudi nyumbani bila malipo yake.

Nilizaliwa Mwadui, mji uliokua baada ya John Williamson kugundua almasi pale mwaka 1940. Baba yangu alikuwa fundi umeme. Fyuzi ikikatika, hakuweka nyingine mpaka ajue kilichoikata. Watu walimhimiza, giza likaingia, naye aliendelea kufuata waya kwa tochi. Nilidhani ni ukaidi. Nilipoanza kazi yangu mwenyewe niliona kwamba alikuwa amenifundisha nusu yake tayari.

Nusu nyingine niliipata Dar es Salaam. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na sisi vijana tuliokuwa tukijifunza kompyuta tulisikia kwamba mambo haya yanaweza kusemwa kwa lugha yetu. Wakati huohuo nilikutana na Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 kwa kufuata mwenendo wa Unix, mfumo uliozaliwa Bell Labs mwaka 1969. Kilichonivuta ni uwazi wake. Mfumo huu huandika unachofanya. Ndani ya saraka ya /var/log kuna maandishi ya kawaida kabisa yanayosema nani aliingia, programu ipi ilianguka, saa ngapi, na mara nyingi kwa sababu gani. Anayetaka kujua anachotakiwa ni kusoma.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwa mkandarasi mmoja wa migodi, karibu na Kakola. Mgodi wa Geita ulikuwa umeanza kuzalisha mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na mawasiliano yetu yalipita kwenye dishi la satelaiti. Satelaiti ya aina ile hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ukibonyeza herufi moja kwenye seva iliyoko mbali, herufi hiyo hupanda na kushuka, na jibu lake vilevile, na zaidi ya nusu sekunde hupita kabla hujaiona kwenye skrini. Mvua kubwa ikinyesha, kiungo hukatika kabisa. Hali hiyo ilinilazimisha kufikiri amri nzima kabla ya kuiandika. Nyaya za baharini za SEACOM zilipofika Dar es Salaam mwaka 2009, na Mkongo wa Taifa ukasambaa mikoani, kasi ilikuja. Nilifurahi kama kila mtu, lakini niliona pia vijana wakijaribu amri kumi kwa dakika moja bila kusoma jibu la hata moja.

Dawa iliyokuwa ikipendekezwa kila mahali ni ileile: zima, halafu washa. Naielewa. Malori yamepanga foleni, bosi yuko mlangoni, na mara nyingi mashine ikiwashwa upya hufanya kazi. Hatari yake ni hiyo hiyo. Ukizima seva, programu zote zilizokuwa kwenye kumbukumbu hutoweka pamoja na ushahidi wa zilichokuwa zikifanya. Mgodini, ajali ikitokea, mkishamwokoa majeruhi hamgusi kitu kingine mpaka mkaguzi afike. Kila mchimbaji anaijua kanuni hiyo. Nilichofanya maishani mwangu ni kuipigania ndani ya chumba cha seva.

Asubuhi moja mfumo wa mizani uligoma kupokea uzito wa malori. Ujumbe ulisema diski haina nafasi. Amri ya df, inayoangalia diski nzima, ilikubali kwamba imejaa pomoni. Amri ya du, inayojumlisha faili moja moja, ilisema zaidi ya nusu iko tupu. Msimamizi wa zamu aliniambia nizime niwashe. Nilimwomba anivumilie, kwa sababu tofauti kati ya majibu yale mawili ndiyo iliyokuwa habari yenyewe. Katika Unix, kufuta faili ni kuondoa jina lake kwenye saraka. Yaliyomo hubaki kwenye diski mpaka programu ya mwisho inayoishikilia faili hiyo iiachie. Usiku, mtu alikuwa amefuta logi kubwa ili apate nafasi, na programu ya mizani ikaendelea kuandika kwenye faili ambayo haikuwa na jina tena. Amri ya lsof ilinionyesha programu hiyo. Niliiamuru ifungue logi zake upya, nafasi ikarudi, malori yakapita. Kisha nikapanga logi zikunjwe na kupunguzwa zenyewe kila wiki. Tungezima tu, nafasi ingerudi vilevile, logi ingeanza kukua tena, na hakuna ambaye angejua kwa nini.

Kesi iliyoniuma zaidi haikuwa na ujumbe wowote wa kosa. Wafanyakazi wa zamu ya usiku walikuwa wakilaumiwa kwamba wanaleta safari chache. Wao waliapa kuwa wanafanya kazi, na daftari la dereva mmoja, lililoandikwa kwa kalamu ya wino, lilionyesha safari ambazo hazikuwemo kwenye ripoti. Nililichukua daftari lile kama logi nyingine na kulilinganisha na seva mstari kwa mstari. Safari zote zilizopotea zilikuwa kati ya saa sita na saa tisa usiku. Muda wa saa tatu kamili. Hapo jibu lilijitokeza. Seva ilikuwa ikihesabu tarehe kwa saa za UTC, ambazo Tanzania imezitangulia kwa saa tatu. Kwetu siku mpya imeanza, kwa seva bado ni jana, na ripoti ya jana ilikwisha kuchapwa saa sita kamili usiku kwa saa zetu. Safari zile hazikuingia kwenye ripoti ya siku yoyote. Niliielekeza programu ya ripoti itumie saa za Africa/Dar_es_Salaam, na ripoti za nyuma zikachapwa upya. Watu walioitwa wavivu walilipwa jasho lao. Mpaka leo, mtu akiniambia kazi hii ni ya mashine tu, namkumbuka dereva yule na kalamu yake.

Saa imenirudia mara nyingi. Soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, na mengine yakafuata mikoani, biashara iliyokuwa ikifanyika mikononi ilihamia kwenye stakabadhi na mifumo ya malipo. Ofisi moja ndogo ya mnunuzi iliniita ikisema mtandao umekatika. Haukuwa umekatika. Seva zilipatikana kwa majina yake, ila kila muunganisho wa usalama ulikataliwa. Nilisoma logi, nikaandika amri ya date, na mashine ikaniambia tuko mwaka ambao soko lenyewe lilikuwa halijajengwa. Umeme ulikuwa umekatika usiku, na betri ndogo inayotunza saa ndani ya kompyuta ilikuwa imekufa. Cheti cha usalama huwa na tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kwa mashine inayoamini iko miaka ya nyuma, cheti cha leo hakijaanza. Betri ya CR2032 huuzwa hata kwa mafundi saa. Tuliibadilisha, nikaiwekea mashine huduma ya kulinganisha saa kupitia mtandao, na wachimbaji wadogo waliokuwa wakisubiri na dhahabu yao wakauza.

Na kuna hospitali moja ambako bakapu zilichukuliwa kila usiku, faili ikiwepo kila asubuhi, ila ikiwa tupu. Hati ya bakapu ilifanya kazi vizuri ikiendeshwa kwa mkono. Cron, inayoendesha kazi kwa ratiba, huanza na mazingira yake finyu na haijui njia zote za programu ambazo mtumiaji anazijua. Ilishindwa kuipata programu ya kunakili hifadhidata, ikalalamika kwa barua ya ndani ya mfumo, na barua zikarundikana bila msomaji. Tuliandika njia kamili ya programu kwenye hati, kisha nikawawekea zoezi la kurejesha bakapu kila mwezi kwenye mashine nyingine. Bakapu isiyowahi kurejeshwa haijathibitishwa, na taarifa za mgonjwa zinastahili uthibitisho.

Kila kesi niliiandika kwa Kiswahili kwenye daftari linalobaki pale pale kituoni: ishara iliyoonekana, logi zilisema nini, chanzo, marekebisho. Nililiacha wazi kwa kila anayeshika zamu.

Miaka michache iliyopita nilikuwa msibani Kishapu, simu ikaita usiku. Alikuwa binti niliyemfundisha, yuko zamu Kahama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Seva ya mishahara inasema diski imejaa, lakini nafasi ipo. Wamenishinikiza nizime. Nimekataa. Nimesoma daftari, nikaangalia df na du, zinakubaliana. Nikaangalia inodi, zimekwisha. Kuna faili ndogo ndogo nyingi mno za barua za cron. Nimezihamisha, mfumo umerudi. Sasa natafuta hati inayozituma."

Kesi ile ya inodi, rekodi ambayo kila faili huhitaji moja, haikuwamo kwenye daftari. Alikuwa ameutumia utaratibu wake kufika mahali ambapo mimi sikuwa nimeandika, na alikuwa hajaridhika mpaka akikamate chanzo. Nilimwambia aiandike akimaliza. Ameiandika, na baada yake wengine wameongeza zao. Simu za usiku sasa hunifikia kwa nadra, na mishahara inatoka kwa wakati. Sitaki kipimo kingine cha kazi yangu.