Mfurungu wa Wakfu

Waumini kadhaa wameniuliza kwa nini katibu wa kamati alionekana juu ya ngazi, kisu mkononi, akikata vijiti vya mti ambao kamati hiyohiyo imekwisha kuamua uondolewe. Swali ni la haki, na jibu lake huenda likazifaa familia zenye ua nyumbani, hata ukiwa mdogo.

Mti wenyewe ni mfurungu, umo katika ua wa msikiti wetu hapa Tanga. Furungu, kwa vijana wasiolijua, ndilo tunda kubwa kuliko yote katika jamii ya michungwa. Ganda lake ni nene mno, na nyama ya hili letu ina wekundu uliofifia na utamu wenye uchungu kidogo. Kamati ilipokubaliana kupanua mahali pa kutawadhia, mti ukawa umesimama pale panapotakiwa msingi. Uamuzi huo niliuandika mwenyewe katika kumbukumbu za kikao, wala siupingi: wanaosongamana kwenye mabomba siku ya Ijumaa wana haki zaidi. Lakini aliyeupanda ametangulia mbele ya haki, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anachokula mtu, ndege au mnyama kutoka katika mti alioupanda Muislamu ni sadaka kwake. Sikupenda kalamu yangu iwe ndiyo iliyoifunga sadaka ya mzee yule.

Mjumbe mmoja alisema, "Ustadh, si tupande mbegu zake tu?" Hapo ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui. Mbegu ya chungwa aghalabu huwa na viini kadhaa vya mche, na vingi kati yake ni nakala ya mama. Furungu si hivyo. Mbegu yake ina kiini kimoja tu, kilichochanganya mama na chavua, pengine ya mti mwingine kabisa. Na jamii hii huchanganyika kwa wepesi: chungwa lenyewe asili yake ni furungu na chenza, na balungi lilizuka kisiwani Barbados katika karne ya 18 kutokana na furungu na chungwa. Ukipanda mbegu utapata mfurungu, lakini si huu. Anayeutaka huu hana budi kubebesha.

Elimu hiyo si ngeni kwa Waislamu. Ibn al-Awwam wa Ishbiliya, katika karne ya 12, aliandika kitabu kikubwa cha kilimo na humo akaeleza kwa urefu namna za kubebesha miti. Chuoni sisi tulidurusu hukumu za musaqat, mkataba wa kutunza miti kwa sehemu ya mazao, na hakuna aliyetuonyesha kisu.

Nilinunua Muheza miche 12 ya mlimao, unene wa penseli, kwa kuwa mizizi ya mlimao ina nguvu. Gome la mche hupasuliwa kwa umbo la herufi T, zaidi kidogo ya shibiri moja kutoka ardhini. Jicho hukatwa kutoka kijiti kilichokomaa cha mti wenye afya, maana likitoka kwa mgonjwa huja na ugonjwa wake. Huteremshwa ndani ya mpasuo bila kuguswa upande wa ndani, kisha hufungwa kwa ukanda wa nailoni kuanzia chini kwenda juu, maji yasipenye. Baada ya wiki 3 hufunguliwa: la kijani limeshika, la kahawia limekufa. Lililoshika likianza kuchipua, mlimao hukatwa juu yake, na kila chipukizi linaloota chini ya jicho huondolewa, la sivyo mwenyeji atammeza mgeni.

Kabla ya yote hayo nilimwendea imamu, kwa sababu mti wa wakfu hata kijiti chake si changu. Akanijibu, "Kata, katibu. Lakini miche ni ya msikiti. Anayetaka kuipeleka kwake ainunue, fedha ziingie sandukuni." Kamati ikaridhia, na fundi akakubali kusubiri.

Macho 9 yameshika. Miche 2 itapandwa upande wa kaskazini wa ua, mbali na msingi, na 5 imekwisha kulipiwa, mmoja na mjukuu wa yule mzee. Iliyobaki ipo kivulini nyuma ya ofisi; anayeihitaji anione baada ya swala ya alasiri. Fundi anaanza kuchimba Jumamosi.